Redio Kolu Inayosomeka: Shajara ya Mradi wa OpenGD77 na OpenRTX Mjini Morogoro

Januari: shabaha

Sisi ni kikundi kidogo cha waendeshaji wa redio ya ridhaa wenye leseni, wakazi wa Morogoro mjini na vitongoji vyake. Shajara hii inaweka kumbukumbu ya kazi tuliyokubaliana kuifanya pamoja, yaani kuondoa programu dhibiti (firmware, yaani programu inayoiendesha redio kutoka ndani) ya kiwandani katika redio zetu za mkononi za kidijitali, zile ambazo watu wengi huziita redio kolu, na kuweka mahali pake programu za OpenGD77 na OpenRTX, ambazo mwenye redio anaweza kusoma chanzo chake, kukihoji na kukibadilisha.

Kilichotusukuma ni hali ya Mzee wetu, aliyeingia hewani kabla yetu sote, ambaye sasa haoni. Redio ya FM ya kawaida anaimudu bila shida, kwa kuwa huhesabu mibofyo ya kitufe cha kuzungusha na kutambua chaneli kwa kusikiliza. Katika redio ya DMR, mfumo wa kidijitali unaotumiwa na redio zetu, kundi la mazungumzo (namba ya kikundi unachozungumza nacho), nafasi ya muda (zamu ya kurusha ndani ya chaneli), jina la anayesema na kiwango cha nguvu ya kurushia vyote huonyeshwa kwenye skrini, na asiyeona hubaki akikisia. Programu iliyofungwa hatuna njia ya kuiongezea sauti ya kusoma menyu, sembuse sauti ya Kiswahili. Kwa hiyo tumejiwekea masharti mawili tutakayoyatumia kupima kila hatua: Mzee aendeshe redio yake peke yake, na kila redio tutakayoigusa iweze kurudishwa ilivyokuwa.

Januari, mwishoni: redio zenyewe

Tumechagua TYT MD-UV380 kuwa redio kuu ya mradi, pamoja na pacha wake anayeuzwa kwa jina la Retevis RT3S, na tumeweka kando Radioddity GD-77 moja ya zamani kwa ajili ya majaribio. Uchaguzi huu umetokana na yaliyomo ndani. MD-UV380 ina kichakataji cha STM32F405 chenye kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 1, chipu ya HR-C6000 inayoshughulikia tabaka za chini za DMR, na kumbukumbu ya nje ya flashi ya megabaiti 16, ambayo inatosha kuhifadhi chaneli, orodha ndefu ya majina na faili za sauti kwa pamoja. GD-77 inatumia HR-C6000 hiyo hiyo, lakini kichakataji chake cha NXP kina kilobaiti 512 tu, na kumbukumbu yake ya nje ni ndogo zaidi.

Ni vema msomaji ajue njia hii ilifunguliwaje. Mnamo mwaka 2015 na 2016, Mmarekani Travis Goodspeed alichunguza TYT MD-380, akafanikiwa kuisoma programu iliyokuwa imefungwa ndani ya kichakataji, na zana alizoanzisha, MD380Tools, ziliwawezesha watu kuirekebisha programu ya kiwandani kipande kwa kipande. Mwaka 2019 Mjerumani Kai Ludwig alianza kuandika programu mpya kabisa kwa ajili ya GD-77, na kazi hiyo ikaendelezwa na Roger Clark wa Australia pamoja na wenzake hadi ikawa OpenGD77, ambayo baadaye ilihamishiwa kwenye redio za STM32 zikiwemo hizi zetu. Kwa upande mwingine, waendeshaji wa Italia walianzisha OpenRTX, iliyoandikwa tangu mwanzo ili ihamishike kwa urahisi kutoka redio moja hadi nyingine. Tutazijaribu zote mbili, kwa sababu kila moja ina kitu ambacho nyingine haina.

Februari: suala la kodeki na leseni

Mwezi huu hatujagusa redio hata moja. Tumeutumia kusoma na kujadiliana, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mradi wote.

DMR ni kiwango cha wazi. Nyaraka zake zimechapishwa na taasisi ya ETSI ya Ulaya chini ya namba TS 102 361, na mtu yeyote anaweza kusoma jinsi chaneli ya kilohezi 12.5 inavyogawanywa katika nafasi mbili za muda zenye milisekunde 30 kila moja, na jinsi data inavyosafirishwa kwa hatua nne za masafa kwa kasi ya alama 4,800 kwa sekunde. Kuna sehemu moja tu ambayo katika karibu vifaa vyote vya DMR vinavyouzwa imefungwa, nayo ni ile inayogeuza sauti ya binadamu kuwa biti na kuirudisha kuwa sauti. Kazi hiyo inafanywa na kodeki ya AMBE+2, mali ya kampuni ya Marekani ya DVSI. Inabana sauti hadi biti 2,450 kwa sekunde, na kwa kuongezewa biti za kusahihisha makosa inafika 3,600.

Maana yake kwetu ni kwamba OpenGD77, ijapokuwa msimbo wake unasomeka, haiwezi kuja na kodeki hiyo. Anayesakinisha hutakiwa kuipa programu ya usakinishaji faili rasmi ya kiwandani, na kwa redio zetu faili inayotumika ni ile iliyotolewa na TYT kwa ajili ya MD-9600. Msimbo wa kodeki huchukuliwa humo na kuunganishwa na programu mpya kabla ya kuingizwa kwenye redio. Hivyo ndani ya redio huwa kuna chumba kimoja kilichofungwa katikati ya nyumba iliyo wazi. Tumelikubali hilo kwa sasa, kwa kuwa bila AMBE+2 hakuna mazungumzo na mitandao ya DMR ya waendeshaji wa ridhaa, lakini tumekubaliana kuliandika waziwazi ili asitokee mtu akaamini kwamba redio yake imekuwa huru yote.

Leseni nayo imetuchukua muda. Masharti ya OpenGD77 yanaruhusu kusoma, kubadilisha na kusambaza msimbo, lakini yanakataza matumizi yoyote ya kibiashara, na kwa tafsiri kali ya wapigania programu huria sharti hilo linaiondoa katika safu ya programu huria kamili. OpenRTX iko chini ya GPL toleo la 3, leseni maarufu ya programu huria, ambayo haina katazo hilo. Fundi wa mjini anayetaka kulipwa kwa kuuza redio zilizokwisha kuwekewa programu atagongana na leseni ya kwanza wala hatagongana na ya pili. Mmoja wetu ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, na tumemweleza jambo hili kabla hajaahidi kitu kwa mteja. Redio za wanakikundi anaziwekea bila malipo.

Jambo la tatu ni sheria. Leseni zetu zinatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, nazo zinamfunga mwendeshaji kutumia bendi alizopewa bila kujali programu iliyomo katika redio yake. Katika eneo la kwanza la IARU, muungano wa kimataifa wa redio ya ridhaa, tulimo sisi, bendi hizo ni 144 hadi 146 MHz na 430 hadi 440 MHz. OpenGD77 ina kizuizi cha masafa ya kurushia ambacho mtumiaji anaweza kukilegeza, nasi tumeamua kwamba hakitalegezwa katika redio yoyote ya mradi huu. Redio iliyo wazi inampa mwenyewe uwezo wa kuvuruga masafa ya polisi, zimamoto au ndege, na uwezo huo unadai uaminifu mkubwa zaidi kuliko ule tuliouzoea. Vilevile kanuni za redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kifungu cha 25.2A, zinakataza mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi na nchi kusimbwa kwa nia ya kuficha maana. Kodeki iliyofungwa haivunji kifungu hicho, kwa kuwa nia yake si kuficha. Hata hivyo, mtu akiniuliza kwa nini tunaitaka kodeki ya wazi, nitaanzia hapo hapo: mawasiliano ya ridhaa yanapaswa kusikika na kueleweka na yeyote atakayetaka kusikiliza.

Machi: nakala rudufu na vipimo vya mwanzo

Kila redio inatoka kiwandani ikiwa na data zake za kalibresheni, yaani namba zinazoiambia ni kiasi gani cha umeme kiende kwenye kikuza nguvu ili ipate wati zinazotakiwa katika kila sehemu ya bendi, masafa yasogezwe kiasi gani ili yaangukie mahali pake, na sauti iyatikise masafa kwa upana gani. Namba hizi hutofautiana hata kati ya redio mbili za muundo mmoja, kwa kuwa hupimwa redio moja moja mwishoni mwa utengenezaji. Zikipotea, redio itawaka, menyu itafanya kazi, na huenda hata ikasikika, lakini itakuwa inarusha nje ya mahali pake bila mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo tumeweka kanuni kwamba hakuna redio itakayopokea programu mpya kabla haijapitia meza ya vipimo, na kwamba nakala za kumbukumbu yake zitahifadhiwa katika kompyuta mbili tofauti zikiwa na namba ya redio hiyo.

Mezani tunatumia mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, vipunguza nguvu vilivyopangwa kwa mfululizo, kichunguzi cha masafa cha tinySA, na kipokezi cha RTL-SDR kilichoachwa kipate moto wa kawaida kabla ya kusoma chochote. Kwa kila redio tunaandika wati zake katika kiwango cha juu na cha chini, kosa la masafa katika bendi zote mbili, na kiwango cha harmoniki ya pili, yaani ishara isiyotakiwa inayotokea kwenye masafa mara mbili ya yale yanayorushwa. Programu haigusi vichujio vilivyo ubaoni, lakini ndiyo inayoamua kikuza nguvu kisukumwe kwa kiasi gani, na kikisukumwa kupita kiasi harmoniki hupanda. Vipimo vya kabla na vya baada ndivyo vitakavyotuambia kama programu mpya inazisoma namba za kalibresheni ipasavyo.

Faili ya mipangilio ya kiwandani, yenye orodha ya chaneli, tumeihifadhi kwa programu ya kompyuta iliyokuja na redio. OpenGD77 inatumia muundo wake yenyewe, kwa hiyo faili hiyo itatufaa siku ya kuirudisha redio ilivyokuwa, wala haitapakiwa kwenye programu mpya.

Machi, mwishoni: usakinishaji wa kwanza

Redio inazimwa, kebo ya USB inaunganishwa, kisha kitufe cha kusemea na kitufe kilicho juu yake vinabanwa kwa pamoja wakati wa kuwasha. Taa ya juu ikianza kumulika nyekundu na kijani kwa kupokezana, redio imeingia katika hali ya kupokea programu, na kompyuta inaiona kama kifaa cha DFU, yaani kifaa kinachosubiri kuwekewa programu. Katika Windows tumetumia programu ya mipangilio ya OpenGD77 yenyewe, ambayo inaomba faili ya kiwandani yenye kodeki na kisha kufanya kazi yote iliyobaki.

Wakati redio ya pili ikipokea programu, umeme ulikatika mtaani na kompyuta ya mezani tuliyokuwa tukiitumia ikazima. Redio ilibaki na skrini nyeusi. Tukio hili limetupa nafasi ya kuthibitisha jambo tulilokuwa tumelisoma tu. Katika MD-UV380, programu ndogo ya kuwashia inakaa peke yake katika kilobaiti 48 za mwanzo za kumbukumbu ya ndani, na programu dhibiti inaandikwa kuanzia anwani 0x0800C000 na kuendelea, kwa hiyo usakinishaji uliokatizwa unaharibu sehemu ya pili tu. Umeme uliporudi tulibana vitufe vile vile, taa ikamulika kama kawaida, tukaanza upya na redio ikawaka. Kuanzia siku hiyo tunatumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, hasa majira haya ya masika ambapo umeme wetu hautabiriki.

Vipimo vya baada: nguvu ya kurushia na kosa la masafa vimelingana na vya awali kwa kiasi cha usahihi wa vyombo vyetu, na harmoniki ya pili haijapanda. Namba za kalibresheni zinasomwa.

Aprili: mipangilio ya DMR

Kazi ya mwezi huu imekwenda haraka. Kila mwendeshaji amejiandikisha RadioID, huduma inayotoa namba za DMR, na kupata namba ya tarakimu saba, ambayo kwa Tanzania huanza na 640, kama zile za Kenya zinavyoanza na 639 na za Uganda na 641, kwa kufuata namba za nchi zinazotumika katika mitandao ya simu. Mipangilio imeandikwa kwa programu ya OpenGD77 kwa wenye Windows na kwa programu ya qdmr kwa wenye Linux. Mawasiliano ya mbali yanapita kwenye hotspoti ndogo ya MMDVM, kituo kidogo cha redio kilicho juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye nguvu ya kufika ukumbini na uani tu, kisha kwenda kwenye mtandao wa BrandMeister kupitia intaneti.

Jambo moja linastahili kusifiwa. Katika OpenGD77 mtu anaweza kuandika namba ya kundi la mazungumzo papo hapo kwa vitufe na kuanza kusema, bila kulitengenezea chaneli kwanza kwenye kompyuta. Kwa mtu anayehama kutoka kundi moja kwenda jingine kila baada ya dakika chache, hili peke yake linabadilisha matumizi ya redio, na kwa Mzee lina uzito zaidi, kwa kuwa namba anazikumbuka zote kichwani na vitufe anavijua kwa vidole.

Mei na Juni: sauti ya Kiswahili

OpenGD77 na OpenRTX zote zina uwezo wa kutamka menyu, masafa, chaneli na majina, uwezo uliochangiwa na waendeshaji wasioona wenyewe. Mpangilio wake ni rahisi kuueleza. Kuna orodha ya maneno na vifungu kwa mfuatano usiobadilika, kila kimoja kina rekodi yake fupi, na redio huzipanga rekodi hizo mfululizo kadiri inavyohitaji. Ili kupata lugha mpya, mtu hurekodi orodha yote kwa lugha hiyo, huibana kwa kodeki, na kuipakia kwenye kumbukumbu ya nje.

Tuliyempata kwa ajili ya kusoma ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mwenye matamshi safi na subira ya kusoma neno moja moja kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Chumba kilitandikwa magodoro ukutani na madirisha yakafungwa kuzuia bodaboda. Mzee alihudhuria kila kikao na kutoa maelekezo, kwa kuwa yeye ndiye mtumiaji. Alitaka masafa yasomwe tarakimu moja moja, pasiwepo mahali popote pa kusomewa mamia na maelfu. Alitaka pia herufi za alama ya mwito, yaani kitambulisho cha mwendeshaji hewani, zisomwe kwa alfabeti ya kimataifa ya redio, Alfa, Bravo na kuendelea, kwa sababu ndivyo anavyozisikia hewani tangu ujana wake. “Nikisikia hewani hivi na kwenye redio vile, mwanangu, nitakuwa nafanya kazi mara mbili,” alimwambia fundi wetu, na jambo likaishia hapo.

Tatizo la kiufundi lililotuchelewesha linatokana na umbo la matamshi yetu. Rekodi zinapoandaliwa, programu hukata kimya kilichoko mwanzoni na mwishoni mwa kila moja kwa kupima nguvu ya sauti, na chochote kilicho chini ya kiwango fulani huhesabiwa kuwa kimya. Maneno mengi ya Kiswahili huanza kwa sauti ya puani yenye nguvu ndogo, na tarakimu zetu zimo humo: katika “mbili” na “nne” mwanzo ulikatwa, kikabaki kitu kama “bili” na “ne”. Kodeki nayo, ikiwa imebana sauti hadi chini kabisa, haikuacha mabaki ya kumsaidia msikilizaji kukisia. Tulishusha kiwango cha kukatia, lakini kelele ndogo za chumba zikapita pamoja na sauti. Suluhisho lililofaa lilikuwa kuzikata rekodi hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa kuangalia wimbi la sauti kwenye skrini, na kumwomba Mwalimu azisome tena tarakimu zote kwa kuishikilia sauti ya mwanzo kidogo zaidi kuliko anavyofanya katika mazungumzo.

Ugumu wa pili ni wa sarufi. Orodha imepangwa kwa kudhani kwamba neno moja linaweza kubandikwa kando ya jina lolote bila kubadilika, ilhali kwetu sifa na vitenzi hufuata ngeli ya jina. Hatukuwa na ruhusa ya kubadilisha mfuatano, kwa hiyo kwa hali za kuwashwa na kuzimwa tumechagua vitenzi vya amri visivyobeba ngeli, na kwa mengine tumetumia majina matupu. Sauti ya redio imekuwa kavu kidogo, lakini haimkosei msikilizaji wala haimbabaishi.

Kubana kwenyewe ni kazi ya kuvutia. Kwa OpenGD77, kwa kuwa AMBE+2 iko ndani ya redio tu, rekodi hupelekwa kwenye redio kwa kebo, redio huzibana na kuzirudisha kwenye kompyuta zikiwa tayari. Kwa OpenRTX, kazi yote hufanyika kwenye kompyuta kwa Codec 2, kodeki ya wazi iliyoandikwa na David Rowe wa Australia. Tumehifadhi rekodi za asili zisizobanwa, ili sauti ya Mwalimu iweze kutumika tena hata kama kodeki itabadilika siku za usoni.

Mwishoni mwa Juni Mzee aliketi barazani kwake akiwa na redio yake, sisi tukiwa kimya, akabadilisha eneo la chaneli, akapunguza nguvu ya kurushia, akaandika namba ya kundi la mazungumzo na kuita. Alijibiwa na mwendeshaji wa ng’ambo. Maelekezo aliyohitaji kwetu yalikuwa ya mahali pa kuchaji tu. Sharti la kwanza la mradi limetimizwa, na nakiri kwamba furaha ya siku ile sijawahi kuipata katika kazi yoyote ya redio.

Julai: satelaiti

Kwa kuwa OpenGD77 inaweza kukokotoa mapito ya satelaiti na kusahihisha masafa yenyewe, tumeijaribu kwa ripita (kituo kinachopokea ishara na kuirusha tena) ya FM ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, inayopokea 145.990 MHz ikiwa na toni ya 67 Hz na kurusha 437.800 MHz. Kituo kinaposogea kuja na kisha kuondoka, masafa ya kushuka huhama karibu kilohezi 10 juu na kisha chini ya mahali pake, na kwa redio ya kawaida mwendeshaji hulazimika kuandaa chaneli kadhaa na kuzibadilisha mkononi. Hapa redio inafanya hesabu hiyo mfululizo. Inachohitaji ni vigezo vya njia ya satelaiti vilivyopakiwa karibuni, mahali ilipo, na saa sahihi. Ripita ilisikika wazi kwa antena ndogo ya Yagi kutoka Morningside, kwenye mteremko wa Uluguru, na mmoja wetu alifanikiwa kubadilishana alama ya mwito kabla kituo hakijazama upande wa Bahari ya Hindi.

Agosti na Septemba: OpenRTX na M17

Sasa tumegeukia kile chumba kilichofungwa. M17 ni mfumo wa redio ya kidijitali ulioanzishwa mwaka 2019 na Mpolandi Wojciech Kaczmarski kwa lengo la kuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Unatumia hatua nne za masafa na alama 4,800 kwa sekunde kama DMR, lakini sauti yake hubanwa kwa Codec 2 kwa biti 3,200 kwa sekunde, na kila fremu, yaani kipande kimoja cha data kinachorushwa, ina milisekunde 40. Alama ya mwito yenyewe, hadi herufi tisa, husimbwa ndani ya biti 48 na kusafirishwa kama anwani. Hii inamaanisha kwamba mwendeshaji hahitaji kujiandikisha popote ili kupata namba, na leseni yake ya TCRA inatosha. Kwa nchi yenye waendeshaji wachache kama yetu, naliona hili kuwa jambo kubwa.

Kuijenga OpenRTX kutoka chanzo kwenye Linux kulikwenda vizuri kwa zana za kujengea programu za Meson na vikusanyaji vya Miosix, na faili iliyopatikana iliingizwa kwenye redio kwa programu ya radio_tool. FM ilifanya kazi mara moja. DMR haimo katika toleo tulilosakinisha. M17 kwenye MD-UV380 inahitaji ubao ubadilishwe, kwa sababu katika muundo wa kiwandani ishara ghafi huishia kwenye HR-C6000, wakati OpenRTX inaitaka ifike kwenye kichakataji ili programu yenyewe iisome. Sehemu zinazohusika ni ndogo kuliko punje ya mtama, na fundi wetu wa simu, aliyezoea mbao za namna hiyo, alizilehemu chini ya darubini kwa utulivu unaostahili heshima. Ni redio mbili tu zilizobadilishwa, zote zetu wenyewe. Ya Mzee haikuguswa.

Majaribio ya kwanza ya M17 kati ya redio hizo yalifanywa kwenye mzigo bandia, kisha kwa antena kutoka Morningside hadi mjini, kwenye 433.450 MHz. Sauti ya Codec 2 ina mnong’ono fulani wa chuma, na sauti za wanawake zinaumia zaidi kuliko za wanaume, lakini kila neno lilieleweka. Ishara ilipodhoofika nyuma ya jengo, ilikatika ghafla kama ilivyo kawaida ya mifumo ya kidijitali, ilhali FM kwenye redio zile zile iliendelea kusikika ikiwa na mchirizo.

Oktoba: hali ya sasa

Redio za wanakikundi zilizopitia meza ya vipimo zinatumia OpenGD77, isipokuwa mbili za M17. GD-77 ya zamani imerudishwa kwenye programu ya kiwandani na faili yake ya mipangilio, ili kuthibitisha sharti letu la pili, na vipimo vyake vimelingana na vile vya Machi.

Yaliyobaki ni haya. Rekodi za Kiswahili za OpenRTX bado hazijakamilika, kwa kuwa orodha yake ina vifungu vinavyohusu M17 ambavyo Mwalimu hajavisoma, na amekubali kikao kingine baada ya mavuno ya bustani yake. Faili za sauti na orodha ya maneno tutazipeleka kwa watunzaji wa miradi yote miwili, kwa idhini ya Mwalimu iliyoandikwa, ili asiyeona wa Mombasa, Kigoma au Bukavu mwenye redio ya aina hii azipate bila kupitia kwetu. Mzee ameomba redio isome pia kiwango cha betri kila inapowashwa, na fundi ameanza kutafuta mahali pa kuligusa jambo hilo ndani ya msimbo.